Saketi ya LED Ndani ya Taa ya Kifuu: Hesabu Inayoanzia Ukutani

Mada kwa semina ya walimu wa sanaa na mafundi wa kazi za mikono

1. Utangulizi



Kusafisha kifuu cha nazi kwa msasa na kukitoboa nakshi kwa kekee ni kazi ambayo wanafunzi wetu wengi wa pwani wanaimudu. Kazi huharibikia kwenye taa. Kifuu kikishakamilika hutafutwa taa yoyote iliyopo dukani, ikasukumwa ndani, na nakshi iliyotobolewa kwa uangalifu ikaangukia ukutani kama madoa yasiyo na mpango. Hoja ya mada hii ni kwamba saketi ni sehemu ya usanii. Idadi ya LED, upande zinakoelekea na ukali wa mwanga wake ndivyo vinavyochora ukutani, kwa hiyo viamuliwe kabla tundu la kwanza halijatobolewa.

2. LED ni nini

LED ni diodi inayotoa mwanga, na kama diodi nyingine hupitisha umeme upande mmoja tu. Mwaka 1962 Nick Holonyak, akiwa na kampuni ya General Electric nchini Marekani, alionyesha LED iliyotoa mwanga mwekundu unaoonekana kwa macho. Bluu angavu ilichelewa hadi miaka ya 1990, na waliofanikisha kazi hiyo, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Historia hii inamhusu fundi wa vifuu. LED nyeupe ya kawaida kwa ndani ni ya bluu, imefunikwa dutu ya njano inayogeuza sehemu ya mwanga wake. Ndiyo sababu nyeupe hutaka volti 3.2 hivi, sawa na bluu, ilhali nyekundu na njano hutosheka na volti 2. Anayetaka mwanga wa rangi ya koroboi achague njano, au nyeupe yenye wekundu kidogo. Nyeupe ya kibuluu huua rangi ya kifuu.

3. Picha kwanza

LED moja iliyo katikati ya kifuu huwa chanzo kidogo cha mwanga. Kila tundu hutoa doa moja lenye ukingo mkali, na nakshi huonekana ukutani ikiwa imekuzwa. Ukiweka LED sita zilizoachana, kila tundu hutoa madoa sita yanayopandana, na nakshi hufifia ikawa wingu la mwanga. Hakuna lililo kosa kati ya hayo mawili. Taa ya kuchora ukuta hutaka LED moja. Taa ya kuangaza meza kwa upole hutaka nyingi.

Upo ugumu mmoja. LED ya milimita 5 yenye kichwa cha mviringo kinachopitisha mwanga hukusanya mwanga wake mbele, kama tochi, hivyo matundu ya pembeni hubaki gizani. Kwaruza kichwa hicho kwa msasa mpaka kiwe na ukungu, nao mwanga utatawanyika. Kwa taa ya LED nyingi, zielekeze kwenye ukuta wa ndani wa kifuu uliopakwa rangi nyeupe, kwa kuwa kifuu kisichopakwa ni cha kahawia na humeza mwanga mwingi.

4. Hesabu ya rizista

LED haijizuii yenyewe. Volti ikizidi kidogo tu, mkondo hupanda sana. LED ikipata joto hupitisha mkondo mkubwa zaidi, ikaungua. Rizista ndiyo inayoweka mpaka. Kanuni yake ni hii: toa volti za LED kwenye volti za chanzo, kisha gawa kwa mkondo unaoutaka.

Tuchukue chaja ya simu ya volti 5 na LED nyeupe. Mkondo uwe miliampea 15, chini kidogo ya 20 ambazo LED nyingi za aina hii zimetengenezewa. Volti 5 ukitoa 3.2 zinabaki 1.8; gawa kwa ampea 0.015, unapata omu 120. Rizista hiyo ina mistari ya kahawia, nyekundu na kahawia. Kwa LED ya njano zinabaki volti 3, jibu ni omu 200. Tumia 220 inayopatikana kwa urahisi, yenye mistari ya nyekundu, nyekundu na kahawia. Rizista ya robo wati inatosha kote.

Kila LED iwe na rizista yake. Wanaoziunga sambamba kwa rizista moja hudhani wanabana matumizi, lakini LED mbili za boksi moja hazilingani kabisa: yenye volti pungufu hujichukulia mkondo mkubwa na kuungua mapema. Ukichanganya nyekundu na nyeupe kwa mtindo huo, nyekundu itawaka na nyeupe haitaonekana.

Saketi hiyohiyo hukubali betri tatu za AA zilizofuatana, yaani volti 4.5, ila mwanga hupungua kiasi. Betri ya mraba ya volti 9 huvutia kwa udogo wake, lakini akiba yake ni kama miliampea-saa 500 tu, ilhali AA za alkali hufika 2,000 na zaidi. Kwa LED sita zinazokula miliampea 90, betri ya mraba haimalizi siku moja ya maonyesho.

5. Kuunga na usalama

Mguu mrefu wa LED ni chanya. Kama miguu imekatwa, tafuta upande wa ukingo uliokatwa bapa, huo ni hasi. Panga saketi yote mezani na uiwashe kabla ya kutia lehemu. LED isipowaka, igeuze kwanza kabla ya kuitupa. Chuma cha kulehemu kisikae kwenye mguu zaidi ya sekunde tatu hivi. Funika kila kiungo kwa tepu ya umeme, fungua madirisha kwa ajili ya moshi, na wanafunzi wanawe mikono kabla ya kula.

LED zilizotolewa kwenye balbu mbovu zipimwe kwanza, kwani baadhi yake hubeba diodi kadhaa ndani ya kipande kimoja na hudai volti nyingi zaidi. Umeme wa nyumbani wa volti 230 au 240 usiingie ndani ya kifuu kwa hali yoyote. Chaja iwe nzima, na ibaki nje.

Kitako cha kifuu kiweze kufunguka. Taa iliyozibwa kwa gundi hutupwa siku waya mmoja unapokatika, na nakshi yote hupotea nayo.

6. Mapendekezo

Kwanza, mwanafunzi achore kwenye karatasi picha anayotaka ukutani, na kando yake aandike idadi ya LED na omu za rizista. Mwalimu apitishe vyote kabla kekee haijashikwa. Pili, walimu wa sanaa na wa fizikia wafundishe kipindi hiki pamoja, maana kanuni ya Ohm tayari imo kwenye fizikia ya sekondari na hapa inapata kazi ya kufanya. Tatu, kazi isahihishwe ikiwa imewashwa, ndani ya chumba chenye giza, na alama zitolewe kwa kifuu na kwa ukuta pia. Taa ya sanaa isiyopimwa kwa mwanga wake bado haijasahihishwa.