Itunze Barua Yako
Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima

Natumaini mmekwisha kaa, na mwalimu wenu amekwisha wagawia karatasi. Maneno ninayoyasema ndiyo yaliyochapwa mbele yenu. Ukishindwa kufuata sauti, fuata kwa kidole. Ukikosa neno moja, usihangaike. Utalisoma tena nyumbani kwa nafasi yako.

Somo letu la leo ni juu ya barua pepe. Wengi katika madarasa yetu wana simu zinazoweza kupokea barua hizi. Wengine walifunguliwa anwani na kijana wa dukani siku waliponunua simu, wala hawajaitazama tena tangu siku hiyo. Leo tutajifunza mambo mawili. La kwanza ni jinsi ya kuchagua programu ya kusomea barua. La pili, nalo ndilo kubwa zaidi, ni jinsi ya kuweka nakala za barua zako ili zisipotee.

Zamani wazee wetu walikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani yake waliweka cheti cha ndoa, stakabadhi za kodi, barua ya kuajiriwa na picha za watoto. Sanduku lilikuwa na kufuli, na kila mtu mzima nyumbani alijua lilipo. Siku hizi nyingi katika hati hizo huja kwa barua pepe: barua ya kuitwa kazini, risiti ya ada ya shule, mapatano ya kununua kiwanja, salamu na picha kutoka kwa mtoto aliyekwenda Muscat au London. Je, sanduku lako la bati liko wapi sasa? Kama huwezi kujibu swali hilo, somo hili ni lako.

BARUA PEPE HUKAA WAPI?

Mwaka wa 1971 Mmarekani mmoja, Ray Tomlinson, alituma barua kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao ulioitwa ARPANET. Yeye ndiye aliyeichagua alama hii, @, itenge jina la mtu na jina la mahali anapopokelea barua zake. Hivyo anwani yako ina sehemu mbili, kama vile S.L.P. ilivyo na namba ya sanduku na jina la mji.

Na kweli mfano wa posta unatufaa sana. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, watu wengi hawaletewi barua mlangoni. Mtu hupanga sanduku posta, hupewa ufunguo, naye huenda mwenyewe kufungua. Barua pepe ni vivyo hivyo. Kampuni fulani ina kompyuta kubwa ziitwazo seva. Hizo ndizo posta. Neno lako la siri ndilo ufunguo. Programu iliyo katika simu au kompyuta yako ndiye mjumbe unayemtuma akafungue sanduku.

Shikeni sana tofauti hii: posta ni kitu kimoja, na mjumbe ni kitu kingine. Unaweza kumbadili mjumbe bila kubadili sanduku.

NJIA MBILI ZA MJUMBE

Mjumbe anaweza kufanya kazi kwa njia mbili. Njia ya kwanza huitwa POP, nayo ilianza mwaka wa 1984. Hapa mjumbe huzichukua barua zote posta na kuzileta nyumbani kwako. Kwa desturi sanduku la posta hubaki tupu, isipokuwa umemwagiza aache nakala. Njia hii ilifaa wakati mtu alipokuwa na kompyuta moja tu.

Njia ya pili huitwa IMAP. Iliundwa mwaka wa 1986 na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Hapa barua hubaki posta, na mjumbe hukuonyesha zilizomo. Ukisoma kwa simu leo na kwa kompyuta kesho, utaona barua zilezile. Kwa watu wengi wa leo njia hii ni bora.

Lakini sikilizeni vyema, maana hapa ndipo wengi hukosea. Mtu husema, "Barua zangu ziko salama, maana ziko katika simu na katika kompyuta pia." Sivyo. Ukisimama mbele ya vioo viwili hugeuki kuwa watu wawili. Kwa IMAP, simu na kompyuta ni vioo, na barua yenyewe ni moja tu, iko posta. Mtoto akichezea simu akaifuta, itafutika na katika kompyuta.

KUCHAGUA PROGRAMU

Usichague programu kwa uzuri wa rangi zake. Jiulize maswali manne.

Kwanza: Je, programu hii inafuata njia ya IMAP? Programu inayofuata njia zinazojulikana na wote haikufungi. Siku utakapotaka kuhama, utahama.

Pili: Je, inaweza kunitolea barua zangu katika faili ninayoweza kuichukua? Aina moja ya faili hizo huitwa mbox, nayo husomwa na programu nyingi. Programu inayopokea barua lakini haikubali kuzitoa ni ghala lenye mlango wa kuingilia tu.

Tatu: Je, nitaweza kusoma barua zangu za zamani bila intaneti? Siku bando limekwisha na karani anataka kuona risiti yako, hili ni jambo kubwa.

Nne: Je, wanaoitengeneza bado wanaitunza? Programu huzeeka na kufa. Iko programu iliyoitwa Eudora, iliyotungwa na Steve Dorner katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka wa 1988. Ilipendwa sana. Lakini mwaka wa 2006 kampuni ya Qualcomm, iliyokuwa mwenyewe, ilitangaza kuacha kuiuza na kuiendeleza. Kadhalika kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza programu ya barua iliyokuja pamoja na Windows 10 tarehe 31 Desemba 2024. Programu ni chombo, na barua ni mali. Usikubali mali yako izikwe pamoja na chombo.

Basi, ushauri wangu ni huu. Kama una simu peke yake, programu ya barua iliyokuja na simu hiyo yatosha kwa kazi ya kila siku. Kama una kompyuta, au darasa lenu linayo, tazameni programu iitwayo Thunderbird. Haiuzwi, hutolewa bure. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka wa 2004 katika shirika la Mozilla. Hufanya kazi katika Windows, Mac na Linux, na tangu mwaka wa 2024 ipo pia kwa simu za Android. Kama unasoma barua zako katika kompyuta ya watu, tumia kivinjari tu, na ukimaliza, toka katika akaunti yako kabla hujainuka kitini.

HATARI ZENYEWE

Sasa tuje kwenye kuhifadhi. Barua hupoteaje?

Hupotea kwa kufutwa. Katika Gmail, barua iliyotupwa hukaa katika pipa siku 30, kisha hufutwa kabisa.

Hupotea kwa kukosa nafasi. Google humpa mtu nafasi ya GB 15 bure, lakini nafasi hiyo ni ya barua, picha na faili zake zote pamoja. Ikijaa, barua mpya hukataliwa.

Hupotea kwa kuachwa. Mwaka wa 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti ya mtu isiyotumiwa kwa miaka miwili yaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Kwa hiyo anwani uliyofunguliwa dukani na kuisahau haikungoji milele.

Hupotea pamoja na kazi. Anwani ya ofisini si mali yako, ni mali ya mwajiri. Siku utakapoacha kazi, mlango utafungwa. Usipokee barua za nyumbani kwako kwa anwani ya kazini.

Na mara chache, posta yenyewe hupatwa na ajali. Mwezi wa Februari 2011 hitilafu katika programu za Google ilifanya masanduku ya watu fulani yaonekane matupu. Walikuwa wachache, kiasi cha watu wawili katika kila elfu kumi. Walirudishiwa barua zao kwa sababu Google ilikuwa imeweka nakala katika kanda zisizounganishwa na mtandao. Tazameni: hata kampuni kubwa kama hiyo huweka akiba pembeni. Sembuse mimi na wewe?

KUWEKA AKIBA

Wenye simu tu, fanyeni hivi. Chagueni barua zile ambazo zikipotea mtapata hasara. Ifungue kila moja, chagua kuchapa, kisha badala ya kuipeleka kwenye mashine, ihifadhi kama faili ya PDF. Pakua na kila kiambatisho. Zinakili faili hizo katika flashi. Barua za kiwanja, kazi na shule, zichape pia katika karatasi.

Wenye Gmail wanaweza kutumia huduma ya Google iitwayo Takeout. Humo unachagua barua peke yake, na Google hukuandalia faili ya mbox yenye barua zako zote. Zikiwa tayari utaletewa kiungo. Pakua upesi, maana kiungo hicho hakidumu. Na kwa kuwa faili yaweza kuwa kubwa, usiipakue kwa bando lako. Tafuta mahali penye mtandao wa bure au wa bei nafuu.

Wenye Thunderbird katika kompyuta, tengenezeni folda katika sehemu ya folda za ndani, yaani zile zinazokaa katika kompyuta yenyewe. Kisha nakilini barua humo. Nimesema nakilini, sikusema hamisheni. Ukihamisha, unaiondoa posta, nawe utabaki na moja tu kama mwanzo.

Kanuni ya kukumbuka ni tatu, mbili, moja. Uwe na nakala tatu. Ziwe katika vyombo vya namna mbili. Moja ikae mbali na nyumbani. Kwa mfano: ya kwanza iko posta, yaani katika seva, ya pili iko katika kompyuta, ya tatu iko katika flashi nyumbani kwa dada yako. Nyumba ikiungua au mwizi akiingia, bado hujafilisika. Lakini flashi hiyo ina siri zako, kwa hiyo ifungiwe kabatini kama fedha.

Na kila baada ya miezi mitatu, chomeka flashi ufungue faili moja au mbili. Nakala usiyoijaribu huwezi kuitegemea, maana flashi huharibika kimyakimya.

UFUNGUO NA WARITHI

Neno moja la mwisho. Ufunguo ukipotea, sanduku lote limepotea. Tumia neno la siri refu ambalo hulitumii mahali pengine. Washa ulinzi wa hatua mbili. Ukibadili namba ya simu, ibadili na katika akaunti siku ileile, kwa sababu namba uliyoiacha yaweza kupewa mtu mwingine.

Kisha waza juu ya watu wako. Tuseme bwana mmoja ananunua kiwanja kwa kulipa kidogo kidogo, na risiti zote zinamjia kwa barua pepe. Akamaliza deni, kisha akafariki. Muuzaji akaja kwa mjane akasema, "Mumeo alibakisha nusu." Mama huyu anajua kwamba risiti zipo. Lakini hajui anwani, hajui neno la siri, na simu imefungwa. Ataonyesha nini barazani? Kama marehemu angaliacha risiti katika flashi na katika bahasha moja ya karatasi, shauri lingalikwisha kwa dakika tano. Tangu mwaka wa 2013 Google humruhusu mtu kuchagua ndugu atakayepewa vitu vyake akaunti ikikaa muda mrefu bila kutumiwa. Fanya hivyo. Lakini bahasha nayo usiisahau.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Barua pepe ni daftari letu la leo, nalo lahitaji kutunzwa.

KAZI YA JUMA HILI

1. Andika katika daftari anwani yako ya barua pepe, na namba ya simu iliyoandikishwa katika akaunti. Je, namba hiyo bado ni yako?
2. Taja barua tano ambazo zikipotea utapata hasara. Zihifadhi kabla ya somo lijalo.
3. Jadilianeni: kwa nini barua kuonekana katika simu na katika kompyuta si sawa na kuwa na nakala ya akiba?
4. Mweleze mtu mmoja wa nyumbani kwako mahali ulipoweka nakala zako.

Kwaherini, ndugu wanafunzi. Tukutane juma lijalo, saa hiihii.