Aliyekwenda na Aliyetumwa si Mamoja
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wakaaji wa Kamalondo, Lubumbashi



Chama kimetuagiza tuseme juu ya jambo ambalo wengi hulisikia kama habari ya watoto wa wakubwa. Jambo lenyewe ni hili: vijana wetu waliomaliza chuo kikuu waende Ulaya, wajifunze siasa ya Ulaya, maana yake namna nchi zile zinavyotunga sheria na kufanya mapatano, tena wasiishie katika vitabu, bali waingie katika biro zao na kujifunza kazi humo, ile tunayoiita staji. Mtu atauliza: sisi watu wa shimo na wa soko tuna shauri gani na siasa ya Ulaya? Maji ya bomba yanakatika, bei ya unga inapanda, na ninyi mnatuletea habari za Brussels! Swali hilo ni la haki. Tutalijibu kwa mambo yaliyotokea, si kwa maneno matamu.

Tuanze na mwaka 1957. Mwezi wa Desemba wa mwaka ule, watu wa Elisabethville walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua washauri wa mitaa yao. Kamalondo yetu wakati ule iliitwa Commune Albert. Lilikuwa jambo kubwa. Walakini tarehe 25 Machi ya mwaka uleule, katika mji wa Roma, nchi sita za Ulaya zilikuwa zimekwisha kutia sahihi mkataba wa Soko la Pamoja: Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani ya Magharibi, Italia, Uholanzi na Luxembourg. Ndani yake mlikuwa na sehemu nzima iliyohusu nchi za ng'ambo zilizo chini yao, na Kongo ya Wabelgiji ilikuwamo. Ushuru wa bidhaa na fedha za maendeleo, yote yaliandikwa. Hakuna Mkongo aliyeketi pale mezani. Kwa hiyo tulipewa kura ya kuchagua mshauri wa mtaa miezi tisa baada ya nchi nzima kutiwa katika mkataba tusioujua.

Twende mwaka 1960. Kila mtu hapa amesikia habari za Meza ya Duara ya Brussels, iliyoanza tarehe 20 Januari na kwisha tarehe 20 Februari. Pale ndipo siku ya uhuru ilipokubaliwa, tarehe 30 Juni. Watu waliimba, watu walicheza. Lakini ilikuwako meza ya pili, na hiyo haiimbwi. Ni meza ya uchumi, iliyoanza tarehe 26 Aprili na kwisha tarehe 16 Mei. Siku zile wakubwa wetu wa siasa walikuwa nyumbani wakitafuta kura za uchaguzi wa Mei. Wengi walituma mahali pao vijana waliokuwa wakisoma au kufanya staji Ubelgiji. Mmoja wao alikuwa Joseph Mobutu, aliyekuwa Brussels katika staji ya kazi ya habari. Mbele yao waliketi wataalamu wa Wabelgiji, watu walioshika hesabu za koloni miaka mingi. Basi fikirini: wanafunzi upande huu, mabwana wa hesabu upande ule, na katikati yao mali ya nchi.

Siku chache kabla ya uhuru, mwezi wa Juni 1960, Wabelgiji walivunja Comité Spécial du Katanga. Kundi hilo lilikuwako tangu mwaka 1900, na ndani yake serikali ilikuwa na theluthi mbili. Lilishika hisa na kura nyingi katika Union Minière. Lilipovunjwa, Kongo ilipoteza nguvu ya kura ambayo ingeirithi siku ya uhuru. Hakuna bunduki iliyolia. Ilitosha karatasi moja na sahihi chini yake.

Mtu atasema: yale yalipita, kwani Union Minière ilichukuliwa na serikali. Kweli, tarehe 1 Januari 1967 mali yake ya Katanga ilitiwa mkononi mwa kompani ya serikali, ile iliyokuja kuitwa Gécamines. Lakini mwezi wa pili wa mwaka uleule mkataba ulifanywa na Société Générale des Minerais ya Ubelgiji, ya ukoo uleule wa Union Minière, isaidie kuendesha kazi na kuuza madini, ilipwe kwa sehemu ya thamani yake. Kwa nini? Kwa sababu shimo lilikuwa letu, shoka letu, na jasho letu, lakini maarifa ya kuuza yalikaa Brussels.

Sisi makarani tunalijua jambo hili kwa kazi yetu ya kila siku. Lori la madini likipita katika mzani, si uzito peke yake unaohesabiwa. Maji yaliyomo katika mchanga hutolewa, kiasi cha shaba hupimwa katika maabara, kiisha gharama za kuyeyusha na za safari hukatwa. Asiyejua karatasi zile huona lori limejaa. Anayezijua huona mali imebaki kiasi gani. Basi mapatano ya nchi na nchi ni mzani mkubwa wa namna ileile, nasi mpaka leo tunasimama kando tukitazama lori.

Je, hatukuwa na watu wenye elimu? Walikuwako, lakini wachache mno. Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu mwaka 1960, ukiacha mapadri, wangeweza kuketi katika basi moja. Thomas Kanza alimaliza Louvain mwaka 1956. Yeye hutajwa kuwa Mkongo wa kwanza asiye padri kupata diploma ya namna ile. Kabla ya uhuru alifanya kazi Brussels katika Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, ndani ya nyumba ileile iliyozaliwa na mkataba wa Roma. Naye alipotumwa na serikali ya Lumumba kwenye Umoja wa Mataifa, akiwa na miaka 26, hakuwa mgeni wa maneno ya mabwana wale. Justin Bomboko naye alisoma Chuo Kikuu Huru cha Brussels, akawa waziri wa mambo ya nchi za nje. Chuo kikuu chetu hapa mjini kilifunguliwa mwaka 1956, miaka minne tu kabla ya bendera. Kwa miaka minne utapata watu wangapi?

Wandugu, wazee walisema: nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Hii ndiyo maana ya staji. Kijana mpya shimoni hapewi baruti siku ya kwanza. Huwekwa pamoja na mzee wa kazi, humfuata, huchukua vyombo, husikiliza namna mwamba unavyolia. Kitabu kitamwambia mwamba ni nini. Mzee atamwonyesha mwamba unaotaka kuanguka. Siasa ya Ulaya ni vilevile. Kitabu kitakwambia Kamisheni ndiyo inayoleta shauri la sheria, na kwamba Bunge na Baraza la mawaziri wa nchi zao ndio wanaolikubali. Lakini ni ofisini tu utakapoona shauri linavyoandikwa, nani anapigiwa simu kwanza, kompani gani zinaleta barua zao mapema, na siku gani mlango ungali wazi kwa mtu wa nje kusema neno lake.

Na mlango huo unatuhusu leo, si zamani tu. Tarehe 26 Oktoba 2023, serikali yetu na Umoja wa Ulaya walitia sahihi mapatano juu ya madini. Yanasema habari za kuongeza thamani ya madini, njia za usafiri, utafiti, na mafunzo ya kazi. Ni maneno mazuri. Lakini mwezi wa Mei 2024 sheria yao ya madini ya lazima ilianza kutumika, na shaba na kobalti zimo katika orodha yake. Inaweka shabaha ya mwaka 2030: katika mahitaji yao, asilimia 10 ichimbwe kwao, asilimia 40 isafishwe kwao, asilimia 25 itoke katika vitu vikuukuu, tena wasitegemee nchi moja ya nje kwa zaidi ya asilimia 65. Sasa tuulize kama watu wa kazi. Wakitaka kusafisha asilimia 40 kwao, sehemu gani itasafishwa Likasi na Kolwezi? Na nchi hiyo moja wasiyotaka kuitegemea ni nani? Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka kwetu. Huenda ni nchi nyingine, huenda ni sisi. Mtu wa kuzisoma karatasi hizo mbili pamoja, akaona zinapoachana, tunamtaka awe mtoto wa Lubumbashi.

Wengine watasema: lakini wanaochimba sasa wengi ni Wachina. Ndiyo. Lakini betri huishia katika motokaa, na motokaa nyingi huuzwa Ulaya. Sheria yao ya betri ya mwaka 2023 inawataka wauzaji wachunguze kobalti ilikotoka na namna ilivyochimbwa. Sheria hiyo inaweza kumlinda mchimbaji wa mkono, inaweza pia kumfungia soko. Inategemea ni nani aliyeeleza hali yake kwa watu wanaoiandika.

Basi njia ziko wapi? Tuzitaje waziwazi ili pasiwe na siri ya wakubwa. Iko njia ya Erasmus Mundus, masomo ya juu yanayofanywa katika nchi zaidi ya moja. Mwenye kushinda hupewa euro 1,400 kila mwezi, muda usiozidi miezi 24, na kijana wa nchi yo yote anaweza kuomba. Iko Collège d'Europe ya Bruges, iliyoanzishwa mwaka 1949, yenye masomo ya mwaka mmoja kwa Kifaransa na Kiingereza. Iko staji ya Kamisheni ya Ulaya, miezi mitano yenye malipo, inayoanza Machi na Oktoba; nafasi nyingi ni za watu wao, lakini chache huwekwa kwa watu wa nchi za nje. Kifaransa tunacho. Kiingereza tunakitafuta. Akili hatukuazima kwa mtu.

Walakini tusidanganyane, kwani elimu peke yake si dawa. Mwezi wa Septemba 1960, Mobutu alipoisimamisha serikali, aliweka mahali pake Makamishna, wengi wao vijana waliosoma na wengine wanafunzi bado, Bomboko akiwa mkubwa wao. Walikuwa na diploma. Hakuna raia aliyewachagua. Ni katika siku za utawala wao Lumumba alikamatwa, akaletwa hapa Elisabethville, akauawa tarehe 17 Januari 1961. Wazee wetu walilala usiku ule karibu na pale, bila kujua. Hivyo tumeonja hasara mbili: hasara ya kukosa watu wenye elimu mezani, na hasara ya kuwa na wenye elimu wasiotumwa na mtu.

Kwa sababu hii tunasema: aliyekwenda na aliyetumwa si mamoja. Aliyekwenda tu atarudi akipenda, naye atasema neno la yule anayemlipa. Aliyetumwa ana watu nyuma yake, ana swali mfukoni, na ana siku ya kutoa hesabu. Msiogope kwamba wengine watabaki huko; watabaki. Hata shimoni si kila kijana anayefundishwa hubaki na timu yake. Hatuachi kufundisha kwa ajili hiyo.

Tunaleta mashauri matatu, mkutano uyapime. Kwanza, tusimtafute kijana mwenye alama nzuri peke yake. Tumtafute yule aliyekwisha fanya kazi miaka miwili hapa kwetu, katika biro, chama cha wafanyakazi, shule au soko, ili ajue anakwenda kuuliza nini. Wasichana wasisahauliwe, hesabu za soko la Kamalondo wanazishika wao. Pili, tuweke sanduku la pamoja. Zawadi ya masomo hulipa akiisha kufika. Kabla ya kufika kuna paspoti, tafsiri za diploma, mtihani wa lugha, safari ya kufuata viza. Hapo ndipo mtoto wa mfanyakazi hukwama na mtoto wa mkubwa hupita. Tatu, kila anayetumwa aandike barua mara moja kila mwezi kwa Kiswahili, isomwe hapa mbele ya wote, na kuchapwa katika gazeti hili. Akishindwa kulieleza jambo la Brussels kwa lugha ya mama yake, bado hajalielewa.

Mkataba mwingine utakuja, kama ilivyokuja ya 1957, ya 1967 na ya 2023. Siku yake hatutaiweka sisi. Lakini nani ataketi upande wetu, na kama atajua kusoma mzani ule mkubwa, jambo hilo tunaweza kuanza kulitengeneza jioni hii. Karatasi ya majina iko mezani kwa mwandishi, na sanduku liko kando yake.