Mti unaonunuliwa kwa miaka

Ndugu msikilizaji, mbao tunanunua kwa futi, mkaa kwa gunia, kuni kwa mzigo na boriti kwa korija, yaani ishirini ishirini. Kila mti una kipimo chake sokoni. Juma hili nataka tuzungumze juu ya mti ambao haununuliwi kwa urefu wala kwa uzito, maana haufiki magotini na mtoto wa shule anaweza kuubeba. Mti huo unanunuliwa kwa miaka.

Wajapani wanauita bonsai, yaani mmea uliopandwa katika chombo kama sinia. Ni mti wa kweli, wa aina ile ile inayoota msituni, lakini umepogolewa matawi na mizizi, ukafungwa waya na kukunjwa, hata ukapata sura ya mti mkubwa uliozeeka huku umo ndani ya chungu. Asili ya ufundi huo ni Uchina. Katika kaburi la mwana wa mfalme mmoja wa huko, lililopambwa kwa picha mwaka 706, yumo mtumishi aliyeshika sinia lenye mawe na miti midogo. Wengi wetu huku tuliuona kwa mara ya kwanza katika mabanda ya video, kwenye sinema za Karate Kid, ya kwanza ikiwa ya mwaka 1984. Mzee Miyagi alikuwa akikata vijitawi kwa mkasi huku kijana wake akimtazama. Sisi tulitoka nje tukiiga mateke. Mkasi wa mzee hatukuujali.

Kibiti nimemkuta kijana anayeujali. Ana kitalu cha miche kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Mbele, mahali ambapo abiria wa mabasi wanaweza kuona, amepanga viriba vya michungwa, miembe na mikorosho ya kubebesha, na hiyo ndiyo inayomlisha. Nyuma, chini ya kivuli chepesi cha makuti, lipo benchi lenye vyungu 14. Hapo ndipo anapojifunza. Mwalimu wake ni kitabu cha picha alichopewa na mteja mmoja, pamoja na yale anayoyaona kwenye simu. Huu ni mwaka wake wa pili, na hajauza hata mti mmoja wa benchi hilo.

Nilikaa naye asubuhi nzima nikimtazama akiufunga waya mkwaju wa miaka mitatu, uliokuwa umebaki kitaluni bila mnunuzi. Mkwaju unafaa kwa kazi hii. Majani yake ni madogo, gome lake huchakaa mapema likaonekana la uzee, na mbegu zake hupatikana jikoni bila senti moja: unazilowesha usiku kucha, unapanda.

Waya wake ni wa shaba, ameutoa kwenye mota ya pampu iliyoungua. Kwanza anaupitisha kwenye moto wa mkaa mpaka uwe mwekundu, kisha anauacha upoe. Shaba iliyopita motoni hulegea, na ikishakunjwa hukaza tena, na kwa njia hiyo hulishika tawi. Unene wa waya uwe kama theluthi moja ya unene wa tawi. Ukiwa mwembamba mno haushiki, na ukiwa mnene mno unavunja. Ncha ya kwanza anaizamisha kwenye udongo karibu na shina, ipate pa kujishikiza, halafu anauzungusha waya kwa mshazari, mizunguko ikiachana sawasawa, bila kubana na bila kulegeza. Baada ya hapo ni kazi ya vidole gumba viwili. Kimoja kinaegemea, kingine kinasukuma, polepole, huku sikio likisikiliza. Tawi likianza kulia, anaacha. Kilichobaki atakimalizia baada ya majuma mawili.

Wazee wetu wamesema samaki mkunje angali mbichi, na hakuna mzazi asiyeijua methali hiyo. Kuhusu kinachofuata baada ya kukunja, methali imenyamaza. Mti hauachi kunenepa kwa sababu umefungwa. Kwa jua la Kibiti na mvua za masika, majuma machache tu yanatosha kwa waya kuanza kuzama ndani ya gome. Ukiusahau, gome linaumeza, na kovu lake hukaa miaka mingi, kama alama ya kamba shingoni mwa mbuzi. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya swala kijana huyu hulizunguka benchi lake na kuutazama kila mzunguko wa waya. Unaoanza kubana anaukata kipande kipande kwa koleo. Haufungui kwa kuuzungusha, maana hapo tawi huweza kuvunjika. Anapoteza waya, lakini analinusuru tawi.

“Mzee,” aliniambia, “kufunga nilijifunza siku moja. Kufungua ndiko kugumu, kwa sababu lazima niwepo.”

Bibi yake, anayeishi naye, hajaridhika hata kidogo. Alitukuta pale, tukamwamkia, akaitikia, kisha akamgeukia kijana. “Mjukuu wangu, mti umekukosea nini hata unaufunga pingu? Na ukwaju wenyewe utazaa lini?” 

Swali la bibi ni la haki, na watu wengi wa mjini nao huuliza hivyo hivyo, wakidhani mti huo umedumazwa kwa njaa. Sivyo. Mti wa chunguni unapewa maji kila siku, na wakati wa kiangazi hata mara mbili. Udongo wake ni mchanga mkavu wa chembe kubwa, vipande vya tofali na mboji kidogo, ili maji yapite na mizizi ipumue. Kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu unatolewa, mizizi inapunguzwa, unarudishwa na udongo mpya. Unakaa nje, juani. Ukiufanyia njaa utakufa, tena haraka kuliko mti wa shambani, kwa sababu mizizi yake haina pa kwenda kutafuta maji. Nao waya ni kama gango la mfupa uliovunjika: unawekwa ili siku moja uondolewe.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo.

Miezi michache iliyopita mteja kutoka Dar es Salaam alisimamisha gari, akaitazama ile mikwaju, akacheka. Alikuwa anataka mti mzee, wenye shina nene na gome lililopasuka, wa kuweka sebuleni, na alikuwa tayari kulipa vizuri. Kijana akamwambia arudi baada ya miaka kumi. Mteja akamjibu kwamba kule delta miti ya namna hiyo imejaa tele, kinachohitajika ni jembe na mtumbwi.

Mteja hakusema uongo. Ukitoka Kibiti kuelekea baharini unafika Nyamisati, na baada ya hapo ni maji na mikoko: delta ya mto Rufiji, yenye hekta 53,000 hivi za mikoko, msitu mkubwa kuliko mwingine wowote wa mikoko ulio mahali pamoja katika Afrika Mashariki. Mkoko uitwao mchu, ukiota kandokando ya mkondo, hurefuka kupita paa la nyumba. Lakini mchu huo huo ukiota nyuma kabisa, kwenye uwanda wa chumvi unaofikiwa na maji ya bamvua peke yake, hali ni nyingine. Jua hukausha maji, chumvi hubaki, na bamvua inayofuata huongeza nyingine. Mti hutumia nguvu zake kupambana na chumvi, na za kurefukia hubaki chache. Utakuta mchu usiomfikia mtu kiunoni, shina limejikunja, gome limekomaa, nao huenda una umri kuliko huyo aliyekuja na jembe. Hakuna mtu aliyeufunga waya. Umekunjwa na chumvi na upepo wa kusi.

Kwa hiyo kishawishi ni kikubwa: kazi ya miaka 40 imekwisha kufanyika, na inasubiri kuchukuliwa asubuhi moja.

Lakini tuitazame kazi yenyewe. Mchu hutandaza mizizi yake chini ya tope, mbali na shina, na kutoka katika mizizi hiyo huchomoza vile vijiti vya kupumulia tunavyojikwaa navyo. Jembe linalozunguka shina linaiacha nyuma sehemu kubwa ya mizizi hiyo. Mti utakaa kijani kwa muda kwa akiba iliyomo shinani, muda wa kutosha kusafirishwa, kuuzwa na kupigwa picha. Kufa utafia sebuleni kwa watu.

Pili, mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya Serikali. Huruhusiwi kuikata wala kuing’oa bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Kijana wa Kibiti akikamatwa na mti huo juu ya pikipiki, yeye ndiye atakayelala rumande. Mteja wa mjini atakuwa ameshafika kwake.

Tatu ni ile hoja ya mti mmoja. Watu husema, katika hekta 53,000 mti mmoja wa kiunoni una kitu gani? Historia ya boriti inajibu. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zina vyumba vyembamba kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Majahazi yalibeba boriti za Rufiji hadi Arabuni na nchi za Ghuba. Kila mkataji alichukua korija yake, na hakuna aliyejiona kwamba yeye ndiye anayemaliza msitu. Mwaka 1987 Serikali ikalazimika kusimamisha ukataji wa mikoko, na mwaka 1991 ukatoka mpango wa kuisimamia ulioandaliwa na Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wavuvi wa Salale, Maparoni na Mbwera wanajua kamba wadogo wanakulia wapi.

Hata Japani, wenye ufundi, walipitia hapo hapo. Wachimbaji walining’inia kwenye majabali kutafuta mireteni mizee ya porini, hata ikawa adimu. Na wale wenzangu wa mabanda ya video wakumbuke sinema ya tatu ya Karate Kid, ya mwaka 1989: kijana anashuka gengeni kuuchimbua mti ambao mwalimu wake aliupanda huko, ili auuze wapate fedha. Mti unaishia kuvunjwa.

Sasa linganisha na mti mwingine, wa kweli. Washington, Marekani, upo msonobari mdogo ulioanza kulelewa chunguni mwaka 1625. Mwaka 1945 ulikuwa uani kwa familia ya Yamaki mjini Hiroshima, kilometa tatu hivi kutoka lilipopigwa bomu la atomiki. Ukuta uliukinga, ukapona. Mwaka 1976 familia hiyo iliutoa zawadi kwa Wamarekani. Fikiria, msikilizaji: karibu miaka 400 ya kumwagiwa maji, na kila mwenye kuumwagilia alijua kwamba atakufa auache. Watu walipokezana mkasi. Hicho ndicho kinachofanya mti mdogo uwe na bei. Mti uliochimbuliwa nao una miaka, lakini si miaka ya muuzaji.

Kijana wa Kibiti hakwenda delta. Nilipomuuliza sababu, hakunipa hotuba. “Nikiuleta ule, atanisifia kazi iliyofanywa na chumvi,” alisema. Halafu akaongeza, bila kunitazama, kwamba juma lile alikuwa anadaiwa ada ya mdogo wake.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ninayotaka tuondoke nayo sisi wanunuzi wa mjini. Tunapenda kusema wananchi wa delta waelimishwe. Wanaohitaji kuelimishwa hapa ni wale wenye fedha mfukoni na haraka moyoni. Ukiona mti mzee chunguni, unauzwa rahisi, muulize muuzaji umri wake na mahali ulipoota. Aliyeulea atakueleza kila tawi: hili lilivunjika, lile nililikunja mwaka fulani. Aliyeuchimbua atakueleza bei tu.

Na ukitaka kumsaidia anayejifunza, nunua mti wake ungali mchanga, na waya wake juu. Kisha mrudishie kila baada ya miezi michache aukague, aukate waya, abadilishe udongo, nawe umlipe kazi hiyo, kama unavyomlipa fundi wa saa au wa baiskeli. Hivyo ada ya mdogo wake itapatikana leo, bila kusubiri miaka kumi, na mteja naye atajifunza kungoja. Mkwaju ule utazeeka mikononi mwa watu wawili, na mchu utabaki pale uwandani, kwenye chumvi yake.

Hadi juma lijalo, saa kama hii, nakutakia heri.