Kupaka Rangi Kalipa za Breki Nyumbani



Siku hizi si ajabu kuona, kati ya matundu ya rimu, kalipa za breki zilizopakwa rangi nyekundu, njano au buluu. Urembo huu umeigwa kutoka magari ya kifahari na ya mashindano, ambayo breki zake hutengenezwa na kampuni kama Brembo ya Italia, iliyoanzishwa mwaka 1961. Leo mtu hununua kopo la rangi na kuifanya kazi hiyo uani kwake. Hatuji mbele yenu kumkataza mtu kulipamba gari lake. Tunalotaka lieleweke ni moja: rangi haiongezi nguvu ya breki hata chembe, na ikipakwa ovyo yaweza kuipunguza.

Kalipa ni chuma kinachoikumbatia diski ya gurudumu. Dereva akikanyaga pedeli, mafuta ya breki huisukuma pistoni iliyomo ndani ya kalipa, nayo pistoni huzibana pedi juu ya diski. Mwendo wa gari hugeuka kuwa joto. Gari la kilo 1,300 likisimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, breki zake hupokea joto linalotosha kuifikisha lita moja ya maji ya bomba karibu na kuchemka. Nalo hilo ni la kusimama mara moja tu. Kwenye mteremko mrefu joto hilo hulimbikizana. Ndiyo maana rangi ya geti au ya ukuta hubabuka upesi. Chagueni rangi ambayo kopo lake limeandikwa kuwa ni ya kalipa, pamoja na kiwango cha joto inachostahimili, na mdai risiti.

Anayeamua kuifanya kazi hii na aanze na usalama wake. Gari liwe mahali tambarare penye hewa ya kutosha, mbali na moto, na breki ziwe zimepoa. Magurudumu yanayobaki chini yawekewe vizuizi. Gari likishainuliwa kwa jeki, lisimamishwe juu ya stendi imara. Jeki peke yake haiaminiki. Vumbi la breki lisipulizwe kwa pampu wala kwa mdomo, kwa kuwa pedi za zamani ziliweza kuwa na asbesto, ambayo huleta saratani. Lilowesheni kwa dawa ya kusafishia breki, kisha mlifute kwa kitambaa.

Kutu iondolewe kwa brashi ya waya na msasa, na grisi ifutwe kabisa. Diski, pedi, mipira ya kuzuia vumbi, pini ambazo kalipa huteleza juu yake na nati ya kutolea hewa vifunikwe vyema, maana hivi havipakwi rangi kamwe. Rangi ikiingia kwenye pini, kalipa hukwama. Ikigusa diski au pedi, gari huchelewa kusimama. Msifungue mpira wa mafuta ya breki, wala msiiache kalipa ining'inie juu yake. Pakeni kwa brashi, tabaka jembamba baada ya jembamba, na mlipe kila tabaka muda wa kukauka ulioandikwa kwenye kopo.

Gurudumu likiwa nje, ndiyo nafasi ya kukagua. Mkiona pedi zimekwisha, mpira umepasuka, au unyevu wa mafuta kando ya pistoni, acheni rangi na mmwite fundi. Kasoro iliyofunikwa kwa rangi haijatengenezwa, imefichwa tu.

Kazi ikiisha, nati za gurudumu zikazwe kwa kupishana, si kwa kufuatana. Pedeli ikanyagwe mara kadhaa kabla gari halijaondoka, hadi iwe ngumu. Jaribuni breki kwa mwendo wa polepole mahali pasipo na watu, kisha mzikague tena nati baada ya safari fupi.

Tunamalizia na mnunuzi wa gari lililokwisha kutumika. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kalipa inayong'aa yaweza kuwa imefichwa alama za kuvuja, au ikawa kifuniko cha plastiki kilichogandishwa juu ya kalipa ya kawaida. Ombeni gurudumu litolewe na fundi mnayemwamini apime unene wa pedi na diski. Muuzaji akikataa, fahamuni kwamba mnauziwa rangi kwa bei ya breki, na msilipe kabla ya ukaguzi. Breki mbovu haimdhuru mwenye gari peke yake. Humdhuru pia mtoto anayevuka barabara.