Zamu ya Maji: Tafakuri ya Mwanafunzi kuhusu Utamaduni na Mazingira katika Nchi Zinazozungumza Kihispania



Vitabu vingi vya kujifunzia Kihispania huweka utamaduni katika sura moja na mazingira katika sura nyingine. Huku kuna ngoma, vyakula na sikukuu za watakatifu. Kule kuna msitu wa Amazon, milima ya Andes na wanyama walio hatarini kutoweka. Nimeisoma lugha hii kwa mpangilio huo, na kadiri ninavyozidi kusoma habari za nchi zenyewe ndivyo ninavyoona kwamba mgawanyo huo unatuficha jambo kubwa. Tunabaki tukidhani kwamba jamii hutunza mazingira kwa sababu inayapenda, au kwa sababu dini ya mababu iliamuru mlima uheshimiwe. Mapenzi yapo na heshima ipo. Lakini kinachoyalinda maji mwaka hadi mwaka ni utaratibu wa kazi: zamu inayojulikana, msimamizi aliyechaguliwa, siku iliyopangwa, na faini kwa anayekiuka. Huo ndio utamaduni ninaotaka tuuzungumzie leo.

Nchi zinazotumia Kihispania ni kama ishirini, na moja kati yake, Guinea ya Ikweta, iko katika bara letu. Siwezi kuzigusa zote. Nimechagua maji, kwa kuwa ndipo desturi na sheria hukutana, na mara nyingine kugongana.

Kila Alhamisi saa sita mchana, mbele ya Mlango wa Mitume wa kanisa kuu la Valencia, mashariki mwa Hispania, huketi mahakama ya wakulima. Wajumbe wake ni wanane, na wanawakilisha jumuiya tisa za mifereji zenye wakulima zaidi ya 11,000. Huvaa shati refu jeusi la mkulima, huketi kwenye viti vya mbao na ngozi vilivyopangwa duara hapo hapo uwanjani, na mtu yeyote apitaye aweza kusimama akasikiliza. Mifereji yao huchota maji ya mto Turia na kuyafikisha kwenye mashamba yanayouzunguka mji. Tarishi huita jina la mfereji mmoja baada ya mwingine, Quart, Mislata, Favara na mingineyo, akiuliza kama yuko aliyeshtakiwa. Mara nyingi hakuna, na kikao hufungwa baada ya dakika chache.

Mshtakiwa akiwepo, makosa yenyewe ni ya shambani: kafungua maji siku isiyo zamu yake, kaacha sehemu yake ya mfereji ikajaa tope, au kayaachia maji yakafurika kwa jirani. Hakuna wakili. Kila kitu husemwa kwa mdomo, kwa Kivalencia. Mwenyekiti ndiye anayeonyesha zamu ya kusema, naye huionyesha kwa mguu. Hukumu hutolewa hapo hapo na haina rufaa. Kilichonivutia kuliko vyote ni kanuni moja ndogo: mjumbe wa mfereji wa mshtakiwa hashiriki kuamua, na kesi ikitoka ukingo wa kulia wa mto, hukumu hupendekezwa na wajumbe wa ukingo wa kushoto. Waliotunga kanuni hiyo walijua udhaifu wa binadamu anapomhukumu jirani yake. Hawakumtegemea awe mwema. Walimwondolea nafasi ya kupendelea.

Utaratibu huu una mizizi katika zama za Waislamu wa Andalusia. Mfalme Jaime wa Kwanza alipoiteka Valencia mwaka 1238 aliwaachia wamwagiliaji desturi zao za kugawana maji. Mtawala alibadilika, dini ya mji ikabadilika, msikiti mkuu ukawa kanisa, na zamu za maji zikaendelea. Watu wa Oman wanaoijua mifereji ya aflaji, ambayo mitano kati yake iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, watautambua mtindo huu mara moja. Watautambua pia Wachaga wenye mifongo, mifereji ya jadi ya Kilimanjaro, na Wamarakwet wa Kenya. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa linalotunza orodha ya mifumo ya kilimo yenye urithi wa pekee, lilikiorodhesha kihamba cha Shimbwe Juu huko Kilimanjaro, yaani kilimo cha mseto wa miti na mazao, mwaka 2011 na mashamba ya umwagiliaji ya Valencia mwaka 2019. Elinor Ostrom, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu mali za pamoja, aliitumia mifereji ya Hispania kuonyesha kwamba watu waweza kusimamia rasilimali bila kuikabidhi kwa serikali wala kuiuza kwa mfanyabiashara. Mwaka 2009 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, na mwaka huo huo UNESCO ikaitambua mahakama ya Valencia pamoja na dada yake, Baraza la Watu Wema la Murcia.

Kutoka Hispania nawaomba tuvuke bahari hadi Peru, wilaya ya Quehue, mkoa wa Cusco. Juu ya mto Apurímac linaning'inia daraja la Q'eswachaka, lenye urefu wa kama mita 28, lililosukwa kwa nyasi. Kila mwezi Juni jumuiya nne za Waquechua hulikata la zamani, likachukuliwa na mto, na kusuka jipya. Kazi huanza nyumbani. Kila familia hukata nyasi iitwayo q'oya, huiponda kwa jiwe na kuilowesha ilainike, kisha wanawake huisokota kwa viganja kuwa kamba nyembamba. Siku ya kwanza kamba za familia zote hukusanywa na sadaka hutolewa kwa Pachamama, mama ardhi. Kamba nyembamba husokotwa pamoja zikawa nene, na zilizo nene husukwa tena mpaka zipatikane kamba kuu sita, nne za kukanyagia na mbili za kushika. Baada ya hapo mafundi wa daraja, chakaruwak, hupanda juu ya kamba hizo kutoka kila ng'ambo, miguu ikining'inia juu ya maji, wakifuma kuta za pembeni hadi wakutane katikati. Siku tatu ni za kazi na ya nne ni ya sherehe.

Karibu na hapo lipo daraja la kisasa la kupitisha magari. Kwa hiyo anayesema watu wale husuka nyasi kwa kukosa njia hajaelewa. Kinachosukwa upya kila mwaka ni makubaliano ya jumuiya nne: nani aleta kamba kiasi gani, nani asimamia, nani hakufika. Na mtu asiyetunza nyasi za mlimani hana cha kuleta Juni. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, daraja halikusukwa. Machi 2021 lilikatika likaanguka mtoni. Wanajumuiya walirudi Juni mwaka huo wakalisuka. UNESCO ilikuwa imekwisha kulitambua tangu 2013, lakini cheti hakizuii nyasi kuoza. Mikono iliposimama msimu mmoja, daraja liliondoka.

Sasa tuone desturi ya namna hii inapokutana na sheria isiyoijua. Mji wa Cochabamba, Bolivia, una wamwagiliaji wa mabondeni wanaogawana maji kwa zamu za kale, na una vitongoji vya kusini ambavyo wakazi wake, wengi wao wahamiaji kutoka migodini na vijijini, walijichimbia visima kwa michango yao kwa sababu bomba la manispaa halikuwafikia. Mwaka 1999 serikali ilikabidhi huduma ya maji ya mji kwa Aguas del Tunari, kampuni ya ubia iliyohusishwa na Bechtel ya Marekani, kwa mkataba wa miaka 40. Ikapitishwa pia Sheria namba 2029, ambayo iliziweka hatarini kamati za visima na mifereji ya wamwagiliaji: kilichochimbwa kwa michango ya majirani kingeweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya eneo la kampuni. Mapema mwaka 2000 ankara za maji zilipanda, na familia nyingi hazikuweza kulipa.

Wanaosimulia Vita vya Maji vya Cochabamba hutaja zaidi bei. Bei iliwatoa watu wa mjini. Wamwagiliaji walitoka kwa sababu nyingine: zamu yao, iliyorithiwa na kutunzwa kwa vikao na faini, ilikuwa imeambiwa haipo. Viatu vya kiwandani na jembe vikakutana barabarani. Msemaji wa umoja wa waandamanaji, Óscar Olivera, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu. Aprili 2000 kijana wa miaka 17, Víctor Hugo Daza, aliuawa kwa risasi katika maandamano. Siku chache hazikupita, mkataba ukavunjwa na sheria ikarekebishwa. Baadhi yetu tumeitazama darasani filamu ya Icíar Bollaín ya mwaka 2010, También la lluvia, inayohusu siku hizo. Mwaka huo huo Bolivia ilipeleka Umoja wa Mataifa pendekezo la kuyatambua maji safi kuwa haki ya binadamu, na Baraza Kuu likalipitisha tarehe 28 Julai.

Ni ushindi mkubwa, nami nauheshimu. Lakini ukweli lazima usemwe wote: miaka mingi baada ya kampuni kuondoka, wakazi wengi wa kusini mwa Cochabamba waliendelea kununua maji ya magari kwa bei ya juu kuliko waliounganishwa na bomba. Kumfukuza mwenye mkataba ni kazi ya majuma machache. Kuendesha mtandao wa maji wa mji mzima kwa zamu na vikao ni kazi nyingine kabisa, na desturi ya mfereji wa bondeni haikutosha kwa ukubwa huo.

Wengine wamelipa zaidi. Berta Cáceres, wa jamii ya wenyeji wa Lenca nchini Honduras na mmoja wa waanzilishi wa shirika la COPINH, aliongoza jumuiya za mto Gualcarque kulipinga bwawa la umeme la Agua Zarca, kwa hoja kwamba wenyeji hawakushauriwa. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira, aliyoipata Wangari Maathai wetu mwaka 1991. Machi 2016 aliuawa nyumbani kwake La Esperanza. Miaka miwili baadaye, Machi 2018, nchi za Amerika ya Kilatini na Karibea zilipitisha Mkataba wa Escazú, wa kwanza duniani wenye vifungu mahususi vya kuwalinda watetezi wa mazingira. Ulianza kutumika tarehe 22 Aprili 2021. Kila ninapousoma namkumbuka mama huyu, na naamini hatuna haki ya kufundishwa msamiati wa mazingira kwa Kihispania bila kulitaja jina lake.

Zipo nchi zilizokwenda mbali zaidi kwa kalamu. Katiba ya Ecuador ya mwaka 2008 ilikuwa ya kwanza kuipa asili yenyewe haki, na tarehe 20 Agosti 2023 wapiga kura wa nchi hiyo, karibu asilimia 59, waliamua mafuta ya eneo moja la hifadhi ya Yasuní yabaki ardhini. Kuiandika haki ni jambo moja, na kupata wa kuidai ni jingine. Kwa hiyo narudi Hispania, Murcia, kwenye mfano unaoitikisa hoja yangu mwenyewe.

Mar Menor ni ziwa la maji chumvi la kilomita za mraba 135, lililotenganishwa na Mediterania kwa mkanda wa mchanga. Oktoba 2019 samaki na kamba kwa maelfu walijitupa ufukweni mwa San Pedro del Pinatar wakitafuta pumzi, kwa kuwa oksijeni ilikuwa imekwisha majini. Agosti 2021 samaki walikufa tena. Chanzo kikuu kinajulikana: mbolea za chumvichumvi kutoka mashamba makubwa ya uwanda wa Campo de Cartagena, yaliyopanuka baada ya maji ya mto Tajo kuanza kuletwa kwa mifereji mikubwa mwaka 1979. Nitrati huteremka kupitia korongo la Albujón na kupitia maji ya ardhini, hulisha mwani, na mwani huzima uhai chini yake.

Haya yalitokea katika mkoa ule ule wa Baraza la Watu Wema. Nimelitafakari sana jambo hili. Baraza la Murcia lilizaliwa kugawa maji yanayoingia katika mashamba ya mto Segura. Mashamba mapya ya uwandani hayakuwa chini yake, na hata desturi yenyewe haikuwahi kuuliza maji yakishatoka shambani yanakwenda wapi, maana zamani yalitoka bila sumu. Desturi hulinda kile ilichozaliwa kukilinda. Ikija mbolea ya viwandani, inahitaji kikao kipya.

Kikao hicho kimeanza kujengwa. Profesa Teresa Vicente wa Chuo Kikuu cha Murcia aliongoza harakati zilizokusanya saini zaidi ya 639,000, ilhali sheria inadai 500,000, na Septemba 2022 bunge likatunga Sheria namba 19 inayoitambua Mar Menor kama mtu mbele ya sheria, mfumo ikolojia wa kwanza Ulaya kupata hadhi hiyo. Mwaka 2024 Mahakama ya Katiba iliithibitisha. Mimi navutwa zaidi na vifungu vya chini ambavyo magazeti huviruka. Sheria inaunda kamati ya wawakilishi, kamati ya wanasayansi, na tume ya walinzi ambamo kuna nafasi za manispaa za pwani, wavuvi, wakulima, vijana na watetezi wa mazingira. Tena inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa jina la ziwa. Valencia hukutanisha wenye mfereji peke yao. Mar Menor imemweka mvuvi meza moja na mkulima ambaye maji yake yaliua samaki. Swali ninalowaachia ni la kiutendaji: tume hiyo itakutana siku gani ya wiki, na faini yake itatozwa na nani?