Tumkumbuke John Akii-Bua



Tumekutana hapa Kibuli, mtaa unaojulikana kwa msikiti wake na kwa polisi wake, nasi hatuwezi kuondoka bila kumtaja askari mmoja. John Akii-Bua alikulia Lango akichunga ng'ombe wa baba yake, katika ukoo wa watoto 43. Alipoingia polisi ndipo miguu yake ikajulikana. Mwaka 1972 mjini Munich alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani yenye kona kali, ambayo hakuna mruka viunzi anayeipenda. Akamaliza mita 400 kwa sekunde 47.82. Kabla yake hakuna aliyeshuka chini ya 48. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki.

Hayo wengi mnayajua. Linalotugusa sisi ni la mwaka 1979. Vita vilipomng'oa Amin, yeye na familia yake walikimbilia Kenya, akawekwa kambini. Bingwa wa Olimpiki, mkimbizi kama sisi! Kampuni ya viatu ya Puma ikamsaidia kwenda Ujerumani, akafanya kazi huko. Baadaye alirudi nyumbani akafundisha vijana riadha.

Alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47. Mkewe alikuwa amemtangulia. Aliacha watoto 11.

Mbio za viunzi zinaanza saa kumi. Wasio na viatu watakimbia pekupeku, tumekubaliana na waamuzi.