Gari la Zamani la Chama: Kosa Lijulikane Kwanza



Injini ya petroli ya gari la zamani ikikataa kuwaka, ingawa betri ina nguvu na staata inaizungusha, yafaa kuchunguza kwanza mambo mawili: petroli na moto wa plagi. Kabureta ikiwa kavu, kosa litafutwe katika tangi, chujio au pampu. Plagi zikiwa zimelowa petroli, mafuta yanafika. Basi zitazamwe pointi. Zikiungua, au mwanya wake ukiharibika, moto huwa hafifu.

Chama kinachonunua kabureta mpya, kumbe pointi ndizo mbovu, hupoteza jasho la wakulima, na mazao hubaki ghalani. Kwa hiyo Katibu asiidhinishe malipo ya kipuri mpaka fundi amwonyeshe kosa lenyewe.